Siku ya Mama Chini ya Nyasi ya Plastiki

Ningeelewa kama ingekuwa boma ya ng'ombe. Hata ingekuwa choo ningeelewa, choo ni muhimu. Lakini siku ya mama yangu kwenye mwethya, siku amengojea mwaka mzima, ilienda kuchimba kauwanja ka kupiga kampira kadogo na fimbo. Na hako kauwanja kakawekwa nyasi ya plastiki. Plastiki, wasee. Huku Makueni, mahali mbuzi anatafuna karatasi juu nyasi imekataa kumea.

Wacha nipange hii maneno vizuri ndio uone madharau ilianzia wapi.

Sisi tunakaa nje ya Wote kidogo, upande ule udongo ni mweusi, ile watu huita black cotton. Kiangazi inapasuka mpaka unaogopa kifaranga atapotelea ndani. Mvua ikinyesha inashika kiatu na haiachilii. Kila mtu anaitukana hiyo udongo, lakini iko na kitu moja nzuri: maji ikiingia kwa shimo, inakaa. Haipiti chini. Ndio maana mtu wa huku akiwa na silanga, yaani kidimbwi cha kushika maji ya mvua, huyo ni mtu wa kusalimiwa vizuri. Mvua ya Novemba huwa inakuja na hasira, inamwaga yote, inaenda. Ukiwa huna mahali pa kuishika utaiangalia ikipita barabarani na mchanga wako.

Mama anaitwa Ndila. Ako na miche ya pixie, ile machungwa tamu unamenya na vidole. Miche ya kwanza ilikauka tukiangalia. Tulikuwa tunabebea hiyo miche maji kutoka mtoni, tunaimwagia maji ya kuosha vyombo, maji ya kuoga, na bado majani yakajikunja kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mwaka huu akapanda zingine. Akaniambia hii ni mara ya mwisho: kama hatapata silanga kabla mvua ianze, hizi pia zikauke, atang'oa yote arudie ndengu, na asisikie tena mtu akimwambia mambo ya machungwa.

Sasa silanga kwa black cotton huwezi chimba peke yako. Hapo ndio mwethya inaingia. Ni kikundi cha akina mama, leo wanachimba kwako, wiki ijayo kwangu, na hakuna mtu analipwa. Ukichimbiwa unarudisha na mgongo wako. Na hakuna hadithi mingi, ukikosa kwa wenzako watakosa kwako. Mama yangu hajawahi kukosa. Amechimba kwa watu akiwa na homa. Amechimba kwa Nzisa, chairlady wao, siku ambayo jino ilikuwa imemvimbisha uso mpaka jicho moja imefunga. Kila mtu alikuwa ameshachimbiwa. Siku ya mama iliwekwa mwisho, Alhamisi moja ya Oktoba, na yeye hakulalamika.

Anko Musyimi naye ni kaka mkubwa wa baba. Alifanya kazi Nairobi ofisi ya insurance mpaka akastaafu, akarudi akajenga nyumba ya mawe kando yetu, katikati yetu ni ua ya kayaba tu. Huko kazini mabosi walikuwa wamemfundisha gofu. Kurudi nyumbani akapata hakuna mahali pa kupiga. Basi unamwona jioni na kofia nyeupe, amesimama nyuma ya nyumba, anapiga kampira, kanaingia kwa ufa ya udongo, anakatafuta na kijiko. Mimi nilikuwa nacheka tu. Sikujua ni maisha yetu itachezewa.

Juu mimi ndio humtengenezea simu ikikataa, akaniita akanionyesha video. Mzungu fulani anachimba nyuma ya nyumba yake, anamwaga kokoto, anamwaga vumbi ya mawe, anashindilia, halafu anakunjua nyasi ya plastiki kama mkeka. Katikati anakata kashimo, anaweka bendera. Kwisha. Huyo mzungu alisema kama udongo wako ni ule wa kushika maji, lazima uzike bomba chini ya kokoto itoe maji nje. Nikamwambia Anko, skia hapo. Akacheka mpaka kofia ikasonga.

"Mutanu, hii ni Ukambani. Mvua iko wapi?"

Kuchimba ndio ilikuwa shida yake. Vijana wa Wote walikuja wakaangalia hiyo udongo, wakaangalia jua, wakarudi walikotoka. Ndio akakumbuka mwethya. Lakini mwethya haiwezi chimbia mtu mahali pa kucheza, hata yeye alijua. Kwa hivyo alifanya nini? Alichukua mbuzi akampeleka kwa Nzisa, akamwambia ya kwamba yeye kama mkubwa wa boma ameongea na Mama Mutanu, wamekubaliana silanga ya boma ichimbwe nyuma ya nyumba yake, eti huko maji inateremka vizuri. Si ya kina sana, akasema. Mbuzi ni ya chakula ya akina mama.

Mama hakuambiwa kitu. Asubuhi ya hiyo Alhamisi alikuwa ameshapika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria kubwa, amefagia njia, amepigilia vigingi mahali shimo itaanzia. Akaona wenzake wanapita geti yetu na majembe begani, wanaelekea kwa Anko. Nzisa akasimama akamuuliza mbona anashangaa na walikubaliana.

Hapa ndio mimi nilitaka kupasuka. Mama alikuwa tu aseme hapana. Neno moja. Lakini sisi Wakamba tuko na kitu inaitwa nthoni, ile heshima ya wakwe inakufunga mdomo. Kaka mkubwa wa bwanako huwezi mfanya mwongo mbele ya watu. Mama akaangalia chini, akaangalia sufuria yake, akasema ni sawa. Akachukua jembe akawafuata. Na mimi akanipatia karai. Akaniambia tukiwa njiani, polepole, maji ni maji, ikiwa kwa Baba Kivuva tutachota tu. Baba Kivuva ndio Anko Musyimi, Kivuva ni kijana wake wa kwanza.

Anko mwenyewe hakuwa hapo. Alikuwa ameenda Mwingi kuleta nyasi, na hiyo hakuna mtu alijua.

Basi akina mama wakachimba. Na wewe hujaona mwethya ikichimba silanga. Hakuna mtu anauliza ifanyweje. Wanateremsha kutoka kando mpaka katikati kama sahani ya supu. Wanamwagia maji kidogo, wanakanyaga, wanapiga na migongo ya majembe mpaka udongo inang'aa kama imepakwa mafuta. Halafu upande wa juu wanafungua mdomo, mfereji wa kuleta maji ya barabara yote ndani. Walikuwa wanaimba. Mama yangu ndio alikuwa anaanzisha nyimbo. Jioni kukawa na silanga safi, si ya kina sana, vile mwenyewe alisema. Wakakula mbuzi na isyo yetu pia, wakaenda.

Kesho yake Anko akafika na Probox imebeba marobota ya kijani juu. Alikuja na fundi, kijana anaitwa Abdulkadir, mtu ya mdomo, kazi yake ni kuweka makapeti na hizo nyasi kwa mahoteli na mastudio ya picha kule Mwingi. Nyuma yao lori ya kokoto. Ile lori ikarudi nyuma, tip-tip-tip, ikainua mgongo, ikamwaga mawe ndani ya silanga ya mama yangu.

Mama alikuwa kwa ua ya kayaba na ndoo mkononi. Ile ndoo ilikuwa tupu lakini aliishika na mikono mbili kama imejaa.

Mimi niliruka huko. Nikamuuliza Anko hiyo ni nini. Akaniambia ni mradi, na nitafurahi nikiona, hata nitakuja kupigia picha zangu hapo. Nikamwambia hiyo ni silanga ya mama. Akasema silanga mama yangu anaweza chimba mwaka ujao, miti haijaenda mahali. Miti haijaenda mahali! Abdulkadir alikuwa amesimama katikati ya shimo, anageuka huku na huku. Akamwambia Anko, mzee, hii kitu ni kama sufuria, si kuwe na mahali ya maji kutokea? Anko akamwambia hiyo inaitwa contour, uwanja wa gofu mzuri lazima uwe na mabonde. Abdulkadir akainua mabega. Akaniambia mimi kando, kwa sauti ya chini, yeye anaweka kapeti tu, mambo ya shimo ni kati ya mzee na Mungu.

Nikapigia baba. Baba anaziba pancha za magari Kambu, kwa highway, na malori yalikuwa yanapiga kelele huko nyuma yake mpaka nikarudia hadithi yote mara ya pili. Nilifikiri atapanda gari siku hiyo hiyo. Akasema, "Huyo ni mkubwa wangu, Mutanu. Muongee pole pole." Nikakata simu. Tuongee pole pole na nani, na kokoto?

Wiki hiyo yote tulisikia mashine ya kushindilia ikitetemesha sahani zetu kwa kabati. Vumbi ya mawe ikaingia kwa uji. Abdulkadir akakunjua nyasi, akaunganisha na gundi, akachana na brashi, akamwaga mchanga juu ndio isimame. Na wacha niseme ukweli hata kama inaniuma, ilikuwa inapendeza. Kijani mpaka macho inauma, kila mahali pengine ni vumbi. Ng'ombe ya jirani ilivunja kamba ikakuja kuilamba, ikarudi nyuma ikaangalia Anko vibaya.

Mama hakuenda kuona. Aliacha kupitia hiyo upande kabisa. Jioni alikuwa anakaa kwa miche yake, anagusa majani, ananiambia bado, bado. Nikamuuliza mbona asiseme. Akasema atasema nini na mwenye boma ameshasema. Nikamwambia mimi nimeshairekodi hiyo kitu na simu, nitaiweka kwa mtandao, Kenya yote imuone Anko. Akaniangalia hivi, akaniambia nikifanya hivyo nitakuwa nimemvua yeye nguo, si Anko. Basi nikakaa na hiyo video kwa simu inanichoma kama makaa.

Ikafika Jumamosi ya kufungua uwanja. Anko aliita wenzake wa zamani kutoka Nairobi, akaita Pasta Kilonzo aombee. Sisi kama watu wa boma tulipewa kazi ya kubeba viti. Mama alipewa kazi ya chapati. Alipika chapati za kufungulia kaburi ya silanga yake, wewe fikiria hiyo.

Mawingu ilikuwa imekaa upande wa vilima tangu asubuhi, lakini mawingu ya huku huwa inakuja kukutania tu. Pasta akaomba. Akabariki nyumba, akabariki nyasi ambayo hainyauki, akabariki wageni. Halafu, vile pasta yeyote wa huku lazima amalizie mwezi wa Novemba, akainua mikono akasema Bwana tukumbuke watu wako, fungua mbingu, tupe mvua. Sisi wote tukasema amina. Anko Musyimi ndio alisema amina kubwa kushinda wote, ni mazoea, hata yeye alizaliwa huku.

Alipiga kampira ka kwanza, kakaingia. Wakapiga makofi. Wakaingia kula. Chapati haikuwa imeisha.

Mimi nimeona mvua, lakini hiyo ilikuja imesimama wima. Kwa dakika chache barabara ikawa mto, na ule mto ukapata mdomo akina mama walifungua, mfereji ambao Abdulkadir alikuwa amefunika na nyasi tu, ukaingia kama umealikwa. Wageni walikuwa kwa veranda na sahani. Kwanza nyasi ikafura katikati kama chapati kwa kikaango. Halafu gundi ikaachia, pwaa, na maji ya rangi ya chai ikatoka juu na vumbi yote ya mawe. Udongo chini ilikuwa imepigwa na migongo ya majembe, hakuna tone lilikuwa linaenda mahali. Ilijaa. Ikajaa mpaka bendera ikabaki kichwa tu. Mwenzake mmoja wa Nairobi akauliza kama hicho ni kile kidimbwi huwekwa makusudi kwa uwanja wa gofu.

Mama alitoka jikoni na unga kwa mikono, akasimama mvuani akiangalia. Hakucheka. Nilimwona anahesabu na macho maji yake.

Ungefikiria Anko angeona haya. Wapi. Jumatatu akaita Nzisa na kikundi yote, wakaja wakasimama kando ya ile kitu, mbuzi za watu zikiwa zimeshazoea kunywa hapo. Akasema ameharibiwa mali. Akasema mama yangu, juu ya wivu, alipanga na wenzake wachimbe vibaya makusudi. Alisema hivyo mbele ya watu, kidole kikielekea mama. Anataka warudi wachimbe mtaro watoe maji, na Mama Mutanu aombe msamaha.

Damu ilinipanda mpaka masikio. Nikafungua mdomo, Nzisa akanishika mkono. Huyo mama ni mfupi na sauti yake ni ndogo, lakini akiongea watu husogea karibu.

"Mzee Musyimi, ulituambia tuchimbe nini hapa?"

Anko akasema hiyo si maneno.

"Ulituambia silanga. Hiyo hapo. Imekataa maji? Basi tuambie kitu ingine moja tu. Ile siku tulichimba, ilikuwa siku ya nani?"

Akajibu haraka kwamba ilikuwa siku ya Mama Mutanu, kila mtu anajua. Nzisa akasema vizuri, basi silanga ni ya Mama Mutanu, mzee atoe plastiki yake ndani ya silanga ya mwenyewe. Anko akaona shimo ingine mbele yake. Akageuza. Akasema hapana, yeye ndio mkubwa wa boma, kwa hivyo siku ilikuwa yake.

"Sawa," Nzisa akasema. "Basi umechimbiwa. Na mtu akichimbiwa unajua anafanya nini."

Halafu sauti moja huko nyuma ikauliza kama mzee ako na jembe ama atakuja na ile fimbo. Akina mama walishikana wakicheka. Anko hakucheka, juu alijua hii si mchezo. Mtu akikatwa na mwethya huku, amekatwa. Ukiwa na harusi utajipikia. Ukifa, wewe na hiyo nyumba yako ya mawe, matanga yako itapikiwa na hoteli.

Akatafuta njia ya katikati. Akasema basi yaishe, wamwachie Ndila maji, akuje achote wakati anataka, geti huwa inafunguliwa. Alisema kama mtu anatoa zawadi. Na watu wengine hata walianza kuitikia, wakaona hapo pamekaa vizuri. Mimi pia, nitasema nini, nilifikiria miche nikaona tushukuru tu.

Mama akaweka kiondo chake chini. Alifunga leso vizuri kiunoni, akainua uso, akamwangalia Anko moja kwa moja. Sijawahi kuona akimwangalia hivyo tangu nizaliwe.

"Baba Kivuva, sitaki maji ya kubisha geti. Hii nitachota mpaka yangu iwe tayari. Lakini nataka siku yangu."

Anko akaangalia Nzisa, akaangalia wale akina mama, akaangalia kofia yake ndani ya mkono. Hakuna mahali pa kugeukia palikuwa pamebaki. Akasema Alhamisi.

Abdulkadir alirudi kutoa nyasi yake, wakaianika juu ya kayaba kama blanketi ya mtoto amekojoa. Siku zote hizo tulipita na mitungi kwa geti ya Anko, na sikumsalimia hata siku moja. Mama alikuwa anamsalimia. Hiyo nayo ni yeye.

Alhamisi ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha tena na udongo imekuwa gundi. Na hiyo ndio bado inanikasirisha mpaka leo, kwamba ile kazi ingefanywa kwa udongo kavu Oktoba ilifanywa kwa matope, kila jembe inatoka na mzigo wake, mara mbili ya nguvu, juu ya mtu mmoja na kampira. Akina mama wote walikuja. Halafu tukamwona Anko anakuja kwa njia, kofia nyeupe, na mkono wa kushoto amevaa ile glavu ya gofu, nyeupe, moja tu. Nikatoa simu, nani hangetoa simu.

"Mutanu, weka hiyo kitu chini ushike karai," mama akasema.

Nikaweka. Akampatia Anko jembe, ile yake mwenyewe. Anko akasimama hapo kwa vigingi, viatu zimeshameza matope zimekuwa kubwa kama za askari, akauliza kwa sauti ya chini kina iwe upande gani.

"Katikati," mama akamwambia. "Kama tu kwako."

Akainua jembe akapiga. Udongo ikashika, ikakataa kuachilia, akavuta na mikono mbili mpaka ile glavu ikabaki ndani. Hakuna mtu alimsaidia kuitoa. Nzisa akaanzisha wimbo, na huko kwa vilima kulikuwa kumeshaanza kuwa nyeusi tena, ikabidi tuharakishe.